Mkono Nyuma ya Injini

Kabla hujausikia upumbavu wangu kwa jirani, mwanangu, afadhali uusikie kwangu mwenyewe, maana mimi nitaupunguza kidogo. Naukumbuka mchana ule wa majuma machache kabla ya Pasaka, mwaka huu huu, nilipouingiza mkono wa kulia nyuma ya injini ya gari langu kuukuu ukabanwa huko, na kila aliyepita nje ya ua akaniuliza hali, nami nikamjibu kuwa ni njema.

Soma tena ukitaka. Mkono umebanwa, jasho lanitiririka hadi kwenye soksi, na mimi nasema njema, Mungu mkubwa, sijui wewe.

Vijana wa kanisani ndio walionitaka niandike haya. Walisema kila mzee wa Frere Town atoe kurasa mbili tatu za busara, wazisome kwenye kikao chao. Wenzangu bila shaka wataandika juu ya uaminifu na kuamka mapema. Mimi busara yangu yote imo kwenye stata ya gari, basi nivumilieni. Utu uzima dawa, ndiyo, lakini ipo dawa inayokaa kabatini mpaka ikaharibika.

Gari lenyewe ni saluni ya Kifaransa ya zamani, rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, na taa zake za mbele zimeinama kama mtu anayesinzia wakati wa mahubiri. Nililinunua mke wangu, mama Charo, angali hai. Lilitupeleka kanisani, likatupeleka sokoni Kongowea, na mara moja likatupeleka Malindi, safari ambayo mimi naona ilitosha. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nyali iko hapo pua na mdomo, na nikienda huko narudi nimechoka kama aliyetoka ng'ambo. Kuku wangu wametembea kuliko lile gari.

Mama Charo alipotangulia mbele ya haki, nilibaki mimi, kuku, na gari. Charo, mwanetu wa pekee, yuko Nakuru kikazi, na tangu msiba ule amekuwa akinishika shati nihamie kwake. Amenitengea chumba. Ameninunulia na koti la baridi, koti zito kiasi kwamba ukilivaa huku pwani utazimia kabla hujafika getini. Mimi sitaki kuhama. Kaburi la mkewe mtu liko hapa, na mtu hulala vizuri pale anapojua kila mlio wa mabati yake. Basi tukapatana, mimi na Charo: maadamu naweza kujiendesha mwenyewe kwenda kanisani na zahanati, nitakaa. Siku gari litakapokataa kuwaka, tutafunga nyumba. Alilisema akicheka, lakini namjua mwanangu, kicheko chake kina mifupa ndani.

Na Pasaka Charo alikuwa anakuja. Na gari lilikuwa limekataa kuwaka.

Lililokufa ni stata, yaani kile kijimota kinachoizungusha injini unapogeuza ufunguo. Nikigeuza, nasikia mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Kwenye magari mengine stata inakaa mahali pa wazi, unaitoa huku unapiga mluzi. Kwenye langu imejificha chini kabisa, upande wa nyuma, kati ya injini na ukuta wa chuma unaoitenga na miguu ya dereva, na juu yake limepita bomba la moshi. Bolti zake mbili za chini unazifikia ukilala chini ya gari. Ile ya tatu, ya juu, huioni kabisa. Unauzamisha mkono mpaka begani, unapapasa kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda.

Utaniuliza kwa nini sikumwita fundi. Yuko mmoja hapo barabarani, kijana hodari, lakini huyo ndiye Charo aliyempa namba yake ya simu. Nikikohoa mbele yake, Nakuru wameshajua. Isitoshe, kazi hii mimi niliwahi kufundishwa, na hapo ndipo nataka unisikilize, maana aliyenifundisha aliniambia neno ambalo nililibeba maisha yangu yote bila kulifungua.

Nilipomaliza kidato cha nne, baba alinipeleka karakana moja Changamwe nijifunze ufundi. Sikudumu. Baadaye nilipata kazi ya stoo, nikaacha grisi nikashika kalamu, na magari yakapumua. Lakini muda ule niliokaa nilikuwa chini ya Fundi Mbarak, mtu mwembamba wa Magongo, mwenye maneno machache kama mtu anayelipia kila moja. Gari la aina hii hii lilikuwa linaletwa mara kwa mara, na yeye alikuwa na sheria moja juu ya stata yake: haitolewi na mtu mmoja. Mmoja analala chini, anaipokea kwa mikono miwili. Mwingine anainama juu, anaifungua ile bolti asiyoiona. Hawaonani, injini nzima iko katikati yao. Kwa hiyo kabla bolti haijatoka yote, wa juu lazima aulize, "Umeshika?" Na wa chini akisema "Nimeshika," ndipo ifunguliwe. Si kabla.

Siku ile nilikuwa mimi chini. Nilikuwa nimeinua mikono kwa muda mrefu, Fundi akihangaika na bolti iliyoota kutu, na mikono ikaanza kufa ganzi. Vijana wenzangu walikuwa wamekaa karibu wakinywa chai. Asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamenicheka kwamba mikono yangu ni vijiti vya mshikaki. Fundi akauliza kutoka juu, "Katana, umeshika?"

Vidole sikuvisikia tena. Lakini wale walikuwa wananisikia mimi.

"Nimeshika, fundi," nikasema.

Stata ikaja kama jiwe. Ilinipita sikioni, ikapiga sakafu, ikapasuka pua. Fundi Mbarak alizunguka gari polepole, akachuchumaa, akanitazama mle chini nilimolala na vumbi machoni. Nilitaraji matusi. Ningeyapenda matusi, yana mwisho.

"Sikukuuliza kama u mwanamume," akasema. "Nilikuuliza kama umeshika."

Akaenda kunawa mikono. Jioni nikarudi nyumbani nimemkasirikia yeye, siyo nafsi yangu. Nikadhani ni somo la stata. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilichukua miaka mingi kufika pale penye shimo.

Sasa rudi nami Frere Town.

Maji ya bomba yalikuwa yamefika asubuhi ile, na maji huku kwetu ni mgeni wa heshima, akija unaacha kila kitu. Nikalitega tangi, nikaliacha lijae, nikaenda kwenye gari. Nilikumbuka kuondoa waya wa betri, tafadhali andikeni hilo, kwamba kuna jambo moja nililofanya sawa. Nikalala chini, nikafungua bolti mbili za chini. Kisha nikafikiri: nani atashika? Mtu wa pili sina. Basi akili ya stoo ikaishinda akili ya karakana. Nikapanga matofali, nikaweka juu yake mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mke wangu, nikaiegemeza stata hapo. Nikaisifu kazi yangu. Nikatoka, nikainama juu ya injini, nikauzamisha mkono, nikaipata ile bolti ya juu, nikaizungusha kidogo kidogo mpaka ikatoka.

Matofali hayajibu yakiulizwa kama yameshika. Mbuzi ikateleza, stata ikageuka ubavu, ikauegemea mkono wangu na kuukandamiza kwenye chuma cha usukani. Nikiutuliza, uchungu ulivumilika. Nikiuvuta, naona nyota mchana.

Wa kwanza kupita alikuwa Bi. Zuhura wa mahamri, anayepita kila alasiri na beseni lake. Akanisalimu kutoka nje ya ua, masalkheri mzee Katana, nikamwitikia. Akaniuliza hali, nikasema njema. Akauliza kuku, nikasema wazima. Akauliza gari, nikasema laendelea vizuri. Tukamaliza salamu zote kama inavyotakiwa, bila kuruka hata moja, na akaenda zake akiniombea baraka katika kazi yangu.

Baadaye akapita Mzee Karisa, tunayekaa naye benchi moja kanisani. Yeye ana macho. Alisimama akaniuliza mbona nimeinama vile kwa muda.

"Naisikiliza injini," nikamwambia.

"Yasemaje?"

"Yasema tuombeane."

Akacheka sana, akaenda. Mwanangu, injini ilikuwa imezimwa.

Usidhani sikutaka kusema. Kila mara neno lilifika kooni. Lakini nilimwona Karisa akisimulia kanisani, na wa kanisani akimwambia fundi wa barabarani, na fundi akiichukua simu yake. Nikaona chumba cha Nakuru na lile koti. Kwa hiyo nikameza.

Kisha simu ikalia mfukoni mwa shati. Nikaivuta kwa mkono wa kushoto. Alikuwa Charo.

"Baba, habari za huko?"

"Njema."

"Mbona unahema?"

"Nilikuwa nafagia."

Akaniambia Ijumaa Kuu yeye na familia yake wataingia na basi la usiku. Kisha akauliza kama gari linawaka siku hizi. Nikiwa nimelala juu ya gari lenyewe, shavu langu liko kwenye betri yake, nikamwambia linawaka kama kiberiti. Akasema, basi vizuri, baba. Lakini alivyolisema nilidhani, na mpaka leo nadhani, kuwa alikuwa anangojea jibu jingine. Akaaga. Nikabaki na simu mkononi, nzima, ina salio, na mtu anayenipenda kuliko wote duniani ametoka ndani yake sasa hivi.

Nikasema basi, nitafute mwingine. Nikaanza kupekua majina kwa kidole gumba. Huyu ametangulia. Huyu pia. Huyu alihama, sijui yuko wapi. Mama Charo yumo, sijamfuta, na sitamfuta. Karibu nusu ya watu niliokuwa nao mle hawawezi tena kuinua stata. Nikairudisha simu mfukoni.

Ukimya wa alasiri unaujua wewe? Hujaujua, ungali kijana. Watoto wa shule walipita na kelele zao zikaisha. Msikiti wa upande wa pili ukaadhini, ukanyamaza. Nikafikiri ni nani atakayenikosa jioni ile nisipoonekana. Nikapata kuku, kwa sababu ya pumba. Si kwamba watu ni wabaya. Kila mmoja alikuwa na hakika kuwa niko salama, na hakika hiyo niliwapa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mmoja mmoja.

Aliyeniokoa ni tangi. Lilijaa, likafurika, na maji yakapita chini ya ua mpaka kwa Mama Brayo.

Mama Brayo ni jirani yangu wa kushoto, mama wa kutoka bara, anafanya kazi ya zamu kiwandani Changamwe. Mrefu, sauti kama ya mpiga mbiu, na hodi haijui. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimlalamikia kwa marehemu katika sala zangu: mama Charo, ungeona jirani tuliyeletewa, anaingia uani kwa mtu kama upepo. Siku hiyo akaingia kama upepo, bado amevaa ovaroli la kazini.

"Mzee, maji inamwagika mpaka kwa jikoni yangu, na wiki mzima tumenunua ya mitungi. Hiyo ni poa kweli?"

Akasogea. Akanitazama mgongo, akatazama bega, akalifuata bega mpaka lilipopotelea.

"Mkono yako iko wapi?"

"Njema," nikasema. Haki ya Mungu, ndivyo nilivyojibu.

"Sijauliza habari. Nimeuliza mkono iko wapi."

Mwanangu, nilimsikia Fundi Mbarak akizungumza Kiswahili cha bara. Nikashindwa. Nikasema umebanwa, na kuanzia mchana, na kwamba chini kuna mbuzi. Alikodoa macho, maana kwake mbuzi ni mnyama, lakini hakuuliza zaidi. Kwanza alikwenda kufunga bomba, kwa sababu maji ni maji. Kisha akalala chini ya gari na ovaroli lake safi.

Sikumwona tena. Injini ilikuwa katikati yetu. Nilisikia tofali likisogezwa, pumzi zake, chuma kikigusa chuma. Na swali lile likanitoka lenyewe, sikuwa nimelitamka tangu ujana.

"Umeshika?"

"Bado," akasema.

Nikangoja.

"Bado, mzee, tulia. Hii kitu ni nzito na mguu imelala. Ngoja nigeuke."

Nilingoja, nami nikalitafakari lile neno lake. Bado. Mwanamke amelala chini ya chuma, jirani asiyempenda yuko juu yake, na hakuona haya kusema bado. Mimi kwenye karakana ile ningepasuka kabla ya kulisema.

"Sasa nimeshika. Toa."

Mkono ukatoka. Ulikuwa umevimba, rangi ya biringani. Machozi yalinitoka, nikamwambia ni mafuta ya breki yameniingia machoni. Akasema ndiyo, mafuta ya breki ni mbaya sana. Akaufunga kwa leso na barafu kutoka friji yake, akanipikia uji, akakaa mpaka nikamaliza kikombe. Hatukuzungumza mengi. Lakini palikuwa na mtu wa pili mezani, na kijiko chake kikigonga kikombe, na nikagundua kuwa nilikuwa nimeusahau mlio huo.

Jioni zilizofuata tuliipeleka ile stata Changamwe, kwa fundi asiyejuana na Charo, ikatengenezwa, kisha tukairudisha, yeye chini mimi juu, kwa mkono wangu mmoja na wake wawili. Pasaka ilipofika gari liliwaka kwa mguso wa kwanza. Charo alizunguka nalo mpaka Bamburi na kurudi, akakubali kwamba nyumba isifungwe. Aliuona mkono wangu uliofungwa akauliza. Nikamwambia niliubana na mlango wa bafu. Akamtazama Mama Brayo, aliyekuwa amekuja kula nasi. Mama Brayo akatazama dari. Jumatatu wakarudi Nakuru, nami nikabaki na nyumba yangu, na mabati yake, na milio yake yote ninayoijua.

Basi nasaha yangu, ndugu vijana, ni hii, naiweka wazi asije mtu akadhani niliwaandikia juu ya magari tu.

Stata usiitoe peke yako. Hiyo ni moja, na ukiwa na gari la kisasa bado ni kweli. Kidole kimoja hakivunji chawa.

La pili ndilo kubwa. Sisi watu wa pwani tumelelewa kujibu salamu vizuri. Hali yako? Njema. Hata kwenye matanga tunasema njema, na si unafiki, ni adabu: unamtuliza mwenzio kwanza, halafu unamwambia. Wazee waliweka pale neno jingine fupi, nasi wa leo tunalidondosha njiani. Walisema njema, ila. Njema, ila mtoto hakulala. Njema, ila nyumbani hapana unga. Mimi nilisimama kwenye njema nikafunga mlango, nikaiita hiyo heshima. Ukiulizwa kama umeshika, jibu ulichoulizwa. Kama bado, sema bado. Aliye juu atangoja, na asipongoja basi si fundi. Na wewe unayeuliza, usiondoke upesi baada ya njema. Simama kidogo, ubadilishe mguu, utazame mkono wa mtu uko wapi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini na mwenye kupita mbio ana sehemu yake katika mazishi.

Usione haya kumpigia mtu simu kwa sababu tu hujampigia siku nyingi. Usingoje majina yapungue.

Mola awape vijana wangu mikono yenye nguvu, na siku itakapoishiwa nguvu awape ulimi wa kusema. Awape majirani wasiojua hodi. Msikose wa kukaa naye wakati wa uji, na uzee wenu uwe na kelele nyingi kuliko wangu. Amina.

Nilipomaliza kuandika nilimpa Mama Brayo asome kwanza, nikitaka asahihishe pale nilipomtaja. Alisoma zote akiwa amesimama mlangoni, sura haikubadilika hata kwenye mbuzi. Nikamuuliza ameonaje. Akanirudishia karatasi, akasema: "Huyu 'mwanangu' unaandikia hapa kila mahali mimi simjui. Mimi najua Charo, na Charo bado anafikiria ni mlango ya bafu."